Bibi aliyeamkiwa na Mbeyu kwenye simu, na sisi hatukumuona

Wakuu, salaam kwenu nyote. Mimi si mtu wa hadithi za majini, anayenijua hapa Ukunda atawaambia. Haya nayaandika vile yalivyotokea. Anayetaka kuniita muongo na aniite.

Najitolea kanisani kwetu, kwenye mradi wa kuwaunganisha watoto wenye shida na wafadhili wa ng'ambo. (Mfadhili, si "sponsor" wa mjini. Tuheshimiane.) Kazi yangu ni kutafsiri wakipigiana simu ya video.

Mbeyu ni mtoto wa wafugaji, ndani ndani huko Lunga Lunga. Moyo wake ulikuwa na tundu. Akikimbia kidogo tu, midomo inageuka rangi.

Mfadhili wake, bibi mmoja wa Kizungu, aliahidi kumlipia upasuaji Mombasa. Daktari alituambia wazi kwamba bila huo mtoto hafiki mbali.

Siku moja ya simu, tukiwa kwao Lunga Lunga, akatokea mume wa yule bibi, peke yake, amekaa mezani. Kabla hajasema lolote, Mbeyu akaanza na adabu zake.

"Shikamoo babu."

Mzee akaitika marahaba. Neno hilo walishalizoea yeye na mkewe.

"Shikamoo bibi."

Nikadhani ni mazoea tu. Lakini mtoto akangoja, kisha akanigeukia. "Mbona bibi haitikii? Amesimama tu pale nyuma na kilemba chake."

Nikatafsiri, si ndiyo kazi yangu? Mzee akageuka polepole kutazama. Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu.

Wakuu, mzee yule alilia. Akasema mkewe amefariki majuzi. Dawa zilikuwa zimemmaliza nywele, na hakutoka bila kitambaa kichwani. Sisi hatukuwa tumeambiwa chochote. Tena mzee alikuwa amepiga simu ile kutuaga, maana hakuwa na nguvu ya kuendelea bila mkewe.

Basi akabadili nia papo hapo. Upasuaji ataulipia.

Nilifurahi na nikaogopa kwa pamoja.

Simu iliyofuata ilikuwa ya kupanga safari. Mbeyu akamwamkia mzee peke yake. "Leo bibi hayupo," akasema, akatoka zake nje kucheza. Hiyo nayo nikaitafsiri.

Mzee akajibu, "Najua. Nimemuota. Amesema anakwenda kuwa na mtoto hospitali."

Mama Mbeyu alikuwa ameketi kando yangu. Nilisita, lakini nikamwambia. Akajitanda leso yake vizuri, akanigeukia.

"Kaka, hebu muulize. Anakuja kumshika mkono, au anakuja kumchukua?"

Nikauliza. Mzee akafikiri sana.

"Hakusema."

Loo! Nilijua safari imekufa hapo. Ningekuwa mimi mzazi, ningekataa katakata.

Mama Mbeyu akainuka. "Haya. Mwambie tutakwenda. Akija atanikuta."

Mtoto akapasuliwa salama. Alipoletwa wodini, mama yake akakaa ubavuni mwa kitanda, hakubanduka. Wauguzi walimwambia atoke, kwa upole na kwa ukali, wapi! Mwishowe wakamwacha.

Nilikuwepo Mbeyu alipoamka vizuri. Sauti ilikuwa ya kukwaruza.

"Mama, kwa nini ulimkatalia bibi kuingia?"

Jamani, mtoto yule hakuwa ameambiwa neno. Yale mazungumzo alikuwa nje anacheza.

Mama yake akamfuta mdomo taratibu.

"Saa za kutazama wagonjwa zilikuwa zimekwisha, mwanangu."

Sasa Mbeyu anakimbiza mbuzi kutwa na midomo haigeuki. Nililojifunza ni kumwambia mzazi yote, hata yanayotisha, halafu umwachie mwenyewe aamue.

Lakini mpaka leo sijui yule bibi alikuja kwa heri au kwa shari, na wa kuulizwa ni yeye mwenyewe, marehemu. Nyinyi mnaonaje, wakuu? Mngekuwa mmekaa pale kitandani, mngemfungulia?