Vikeki vya Noeli na Sahani ya Mama Mkwe

Mwaka ule nilichoka hata kabla Noeli haijafika. Anayelima kwa hiari yake hawezi kujua uchovu wa pamba ya lazima ya Bula Matari, serikali ya wazungu. Mume wangu alikuwa kwenye kazi ya dhahabu upande wa Salamabila, na shamba letu lote hapa Kabambare likabaki juu ya mikono yangu miwili. Monitere, yule mkaguzi wa mashamba, alikuwa ametangaza kwamba atapita siku inayofuata Noeli, na atakayekutwa na majani kwenye pamba atajieleza mbele ya mzungu. Mimi mistari sita ilikuwa bado.

Na juu ya hayo yote, mama mkwe alikuwa anakuja kula.

Nieleze vizuri. Mama mkwe alikuwa Mwislamu, mtu wa swala tano. Mwanawe alipobatizwa na kunioa mimi Mkristo, hakupiga kelele. Alisema tu: "Nyumba ya Wakristo, sijui kitu gani iko ndani ya chungu." Tangu siku hiyo, miaka mitatu, hakutia mdomoni kitu kilichotoka jikoni kwangu, hata maji. Akija alisimama uani, akamsalimia mwanawe, akaondoka. Mimi hakuniita jina wala mwana. Aliniita "muke wa mutoto wangu", basi.

Halafu Idi ya mwaka ule akaniletea vitumbua juu ya sahani ya bati yenye ukingo wa buluu. Nilibaki nimeishika sahani ile, machozi yananitoka kama mjinga. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Hilo alilijua na mimi nililijua. Nikamtumia neno kwamba nitaijaza siku ya Noeli. Akajibu atakuja kuifuata mwenyewe, na atakula hapahapa.

Nitampikia nini? Nilipokuwa msichana Kasongo nilifanya kazi jikoni kwa masista, nikajifunza vikeki vidogo vya matunda. Si kazi ngumu. Unaponda ndizi zilizoiva sana, unatia nanasi na papai ulizokausha juu ya uchaga wa moto, unga wa mchele na wa ngano kidogo, mayai, sukari ukiipata. Unamimina katika mikebe ya sardini iliyopakwa mafuta. Tanuri langu lilikuwa kichuguu nyuma ya nyumba, nilichokichimba tumbo mwenyewe: unawasha moto ndani mpaka udongo ushike joto, unatoa makaa, unaingiza mikebe, unaziba mdomo kwa kipande cha bati.

Ila jikoni kwa masista tuliumulia kwa malafu, yaani tembo la mchikichi, lile la asubuhi lenye povu. Kwa mama mkwe hilo halikuwezekana. Kwa hiyo siku mbili kabla niliweka uji wa mchele uchachuke ndani ya chungu kidogo, nikaufunika kwa jani la mgomba. Malafu niliyaweka kando, ya vikeki vya majirani zangu wa kanisani. Nilipanga kugawa unga sehemu mbili. Nilipanga vizuri kabisa!

Mkesha wa Noeli nilitoka shambani mchana, mgongo haunyooki. Mistari miwili nimepalilia, minne bado. Nikaponda ndizi, nikachanganya, nikamimina, nikaingiza mikebe kichuguuni, nikakaa chini. Harufu ilipoanza kutoka nikafurahi. Ndipo nikageuza macho jikoni nikaona kile chungu kidogo kiko palepale, jani lake la mgomba juu, hakijaguswa. Na kibuyu cha malafu kitupu.

Mungu wangu! Mkono ulifanya ulichozoea kwa masista, akili ikiwa imelala. Unga wote, mayai yote. Dukani hakukuwa na unga mwingine, wala mimi sikuwa na nguvu ya kutembea hata mpaka dukani.

Sitadanganya: nilifikiria kunyamaza. Nani angejua? Moto si umeondoa kila kitu? Vikeki vilitoka vizuri kuliko siku zote, vyekundu juu, laini.

Siku ya Noeli nilitoka misa, nikavipanga juu ya ile sahani ya ukingo wa buluu. Alikuja baada ya swala ya adhuhuri, amejitanda mtandio mpya. Akavua viatu, akaingia ndani, akakaa kwenye mkeka wangu kwa mara ya kwanza. Akanawa. Akasema "Bismillahi", akanyoosha mkono.

"Mama, usile!"

Mkono ukasimama hewani. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: malafu, uji, uchovu, mistari minne ya pamba, chungu kilichobaki. Nikasema, "Ulisema hujui kitu gani iko ndani ya chungu changu. Ni kweli. Hata mimi sikujua." Nikalia bila haya.

Aliisukuma sahani kando. Halafu akanishika mkono, akaugeuza, akatazama malengelenge.

"Leo umekula?"

"Bado, mama."

Pembeni kulikuwa na ndizi zilizobaki, nyeusi maganda, zilizozidi kuiva. Akamenya moja, akaikata katikati. Nusu akanipa. Nusu akala yeye, polepole, mpaka ikaisha.

"Haya. Nimekula kwako," akasema. "Sasa ulale, mutoto wangu. Umechoka."

Mutoto wangu! Nilijinyoosha pale mkekani, nikasema nitafumba macho kidogo tu.

Nilipoamka jua lilikuwa limeinama. Vikeki alikuwa amevihamishia kwenye ungo, amevifunika nisiibiwe na kuku. Sahani yake ya ukingo wa buluu ilikuwa imeoshwa na kupangwa pamoja na zangu, kama haikutoka nyumba nyingine. Nikamwita. Kimya. Nikatoka mpaka mlangoni, na mtandio wake mpya ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, pale ninapoweka jembe. Jembe halikuwepo.