Kisanduku cha Pili

Wiki tatu baada ya kumzika dada yake, mdogo mtu alirudi kazini na kukuta balaa limemtangulia. Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa amepiga simu. Vikaratasi vya maelezo ya dawa ya homa ya watoto, vilivyotafsiriwa na ofisi yao, vilikuwa na pengo: ule mstari unaosema mtoto asipewe dawa zaidi ya siku tatu haukuwamo kwenye Kiswahili. Kwa bahati makatoni yalikuwa bado stoo, yamefungwa. Yangegawiwa Jumatatu.

"Kazi hii iliagizwa ilinganishwe na karatasi ya asili," mkuu wa ofisi alisema, mikono kiunoni. "Na sahihi ya marehemu ipo, niliiona kwa macho yangu. Mungu anisamehe, lakini mara hii ilimpita."

Mdogo mtu alikaa chini taratibu. Tafsiri ilikuwa yake yeye. Kuruka mstari humtokea mfasiri yeyote, na ndiyo maana huwapo mtu wa pili wa kumkamata. Mtu wa pili alikuwa dada. Je, alisaini kazi asiyoifanya? Hilo lilimuuma kuliko kosa lenyewe, maana wafu hawajitetei.

Ofisini dada walimwita Neno Moja. Alipoajiriwa, kipimo kile kile cha dawa kiliitwa kijiko ukurasa wa kwanza, kizibo ukurasa wa pili, kikombe ukurasa wa tatu, na mzazi achague mwenyewe. Dada akaleta boksi la viatu, akalijaza kadi. Kila kitu na jina lake moja, tarehe, na waliokubaliana. Aliyetaka kubadilisha alitakiwa aje na sababu. Ladha ya ulimi haikuhesabiwa. Hata nyumbani hakusalimika na utani.

"Mimi sufuria yangu naiita chungu nikitaka," mama yao alikuwa akimchokoza. "Niandikie kadi basi!"

"Naandika, mama. Lakini utaweka sahihi."

Vita yake kubwa ilikuwa na wateja waliokuja na karatasi zao na kusema, "Niangalizie tu."

"Wewe dada unafukuza wateja," mkuu wa ofisi alilalamika siku moja.

"Bosi, ukimpelekea fundi suruali ukamwambia akuangalizie tu, atapunguza kiuno au atakata miguu?"

Mkuu alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo kila kazi ikawa na fomu yenye visanduku vitatu. Cha kwanza, kutafsiri. Cha pili, kulinganisha: mtu mwingine anaweka karatasi mbili, ya asili na ya Kiswahili, kando kwa kando, mstari kwa mstari. Cha tatu, kusoma Kiswahili peke yake, kama atakavyokisoma mzazi. Kila kisanduku na sahihi yake.

Sasa jalada la vikaratasi vile lilikuwa mezani na mdogo mtu anaogopa kulifungua. Akainamisha kichwa. "Ee Mola, kama kuna kosa, liwe langu mimi." Akafungua.

Kisanduku cha tatu kilikuwa na sahihi ya dada, imepinda kama ya mtu aliyeandikia mapajani. Cha pili hakikuwa na sahihi. Kwa mwandiko ule ule dhaifu kiliandikwa: "Bado. Asili iko ofisini."

Hapo akakumbuka. Ni yeye aliyempelekea zile karatasi wodini alikolazwa, kwa kuwa dada aligoma kulala bure. Alichukua za Kiswahili tu, zile za asili akazisahau juu ya meza hii hii. Dada alisoma alicholetewa, akasainia alichosoma. Basi.

Mdogo mtu alilia, akacheka, akalia tena. Mkuu wa ofisi alisoma, akavua miwani.

"Kumbe mimi niliona sahihi tu, mbio nikapeleka kiwandani kuchapwa."

"Uliona sahihi, bosi, hukuona kisanduku."

"Nyie ndugu wawili mmefanana midomo. Lete asili hapa."

Walilinganisha mchana ule, mmoja akisoma kwa sauti, mwingine akifuatisha kwa kidole. Ulikosekana mstari mmoja tu, ule ule. Mkuu akasaini kisanduku cha pili mwenyewe, maana mfasiri hajilinganishi. Jumamosi muuguzi akapiga tena: vipya vimefika, vya zamani vimerudishwa vyote, hakuna mzazi aliyekipata hata kimoja.

Jioni ile mama yao alikuwa mlangoni. Maneno ya ofisini yalikuwa yameshamfikia, na hakungoja salamu.

"Mwanangu alikosea?"

"Hapana, mama. Niliyekosea ni mimi."

Mama alishusha pumzi ndefu, akamshukuru Mungu, kisha akamshika mkono.

"Afadhali wewe. Wewe upo, unaweza kurekebisha."