Mtama Uliotemwa Ofisini

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya kilimo, Singida mjini. Mbele yangu alisimama mama mmoja kutoka Iramba, ameshika mtama ndani ya kitambaa.

"Tunakula tunashiba, bwana shamba, lakini watoto wanazidi kudhoofika."

Bwana shamba alitia punje chache mdomoni. "Mbona nyepesi hivi? Umelima wapi?"

"Kijiji kipya tulikohamishiwa. Shamba langu liko bondeni, pale Wazungu walipokuwa wakisafisha dhahabu kwa zebaki."

Akaacha kutafuna. Akageukia dirisha, akatema, akajifuta mdomo mara mbili.

"Mama, udongo ule una sumu na mtama unainyonya. Msile tena. Nitaupeleka Dar es Salaam ukapimwe, tusubiri majibu."

"Wewe umetema," mama alisema taratibu. "Sisi tukitema, jioni tutapika nini?"

Bwana shamba alichukua kofia, wakatoka pamoja kwenda kuomba mahindi ya msaada. Sijui kama walipata, na tangu siku hiyo situlii. Kila mkutano sisi wakulima tunaulizwa tumevuna magunia mangapi. Hakuna anayeuliza mtama wenyewe umeota kwenye udongo gani.