Damascène na wageni wa kwenye kigae

Mume wangu Damascène ana ugonjwa mmoja tu: anapenda wageni. Burundi alipenda wageni, hapa kambini Misiera anapenda wageni, na siku tulipofika Kabazana, kwenye kituo cha kupokea wakimbizi, hatujapewa hata kiwanja, tayari alikuwa anakaribisha watu kwenye turubai lisilo letu. Nikinuna ananiambia, "Mama Jeannette, mgeni njoo, mwenyeji apone." Apone wapi, wakati mwenyeji anayepika ni mimi!

Basi akapata kazi Mbarara, kwenye labo moja ndogo kule Kakiika, ya Daktari Rashidah, binti mpole anayechunguza ugonjwa wa sukari. Akirudi Jumamosi, hanyamazi. Ati wana kigae cha plastiki kidogo kama biskuti, ndani yake vijia vyembamba kuliko unywele. Humo wameweka seli za kongosho, ile nyama iliyojificha nyuma ya tumbo, inayotoa insulini ya kushusha sukari mwilini. Kazi yake ni kuzinywesha: kwanza maji yenye sukari kidogo, halafu yenye sukari mingi, daktari apime insulini inayotoka.

"Kongosho ya nani?" nikauliza.

"Ya panya."

Yesu Maria! Panya wametumalizia mahindi hapa, huko mjini wananyweshwa sukari kwa mrija! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mwenzangu akakasirika kweli. "Usiwacheke. Wametolewa kwao, wako fasi ya ugeni kama sisi."

Lakini wageni wake wakaanza kufa. Kila wakiwekwa, maji yanachafuka, na seli zote kwisha. Daktari akabadilisha mirija, akabadilisha chupa, akamgombeza fundi wa friji. Wapi! Wakubwa wakasema, wakifa na hawa wa mwisho waliobaki, labo inafungwa. Ikifungwa, Damascène anarudi kulima maharage, na mume wangu na jembe hawajawahi kupatana. Akakonda. Nikaacha hata kumtania, na mimi hiyo si kawaida yangu.

Jumapili moja Rashidah akaja mwenyewe mpaka kwetu, akakaa kwenye ukingo wa kiti, nikajua kaja kumuaga kwa adabu. Damascène hakumngoja aanze. Akafungua soda, akapiga funda moja kubwa, akafuta mdomo, akampa.

Daktari akaitazama ile chupa. "Mzee, mbona umeinywa?"

Nikamjibu mimi, maana mume wangu alishangaa kama aliyetukanwa. "Mwanangu, kwetu mwenye nyumba anaonja kwanza. Mgeni ajue hakuna sumu."

Rashidah akaiweka chupa chini. Kisha, polepole: "Mzee Damascène, na zile chupa za seli, nazo unaonja?"

"Ndiyo, Daktari!" Kifua mbele. "Zote. Namna gani nitawapa wageni kitu sijakionja?"

Weee! Rashidah akashika kichwa, akapiga ukelele, halafu akacheka mpaka mtandio ukamtoka. Akatueleza: mdomo wa mtu umejaa vijidudu visivyoonekana. Viliingia chupani na mate, vikanona kwa sukari, vikaua seli.

Mimi nikacheka naye mpaka mbavu zikauma, ndipo nikamwona mume wangu. Amekaa, mikono magotini, machozi yanamtiririka.

"Kumbe sumu nimewapa mimi," akasema.

Roho ikaniuma. Rashidah naye akaacha kucheka. "Mzee, kesho tunaweka wale wa mwisho. Utawanywesha wewe. Lakini mdomo ufungwe."

Katikati ya wiki Damascène akanipigia simu. Sauti ilitoka mbali, maana alivaa barakoa mbili.

"Mama Jeannette! Wako wazima! Wamekunywa, wametoa insulini mingi, daktari anarukaruka!"

"Na nani aliwaonjea?"



"Hakuna mtu. Wametuamini tu."