Nilivyomtoa Mzee Sinagogi Kabla ya Zamu Yake

Chekeni, lakini nimalize kwanza.

Niliacha shule darasa la sita, wazazi walipofariki, nikalea wadogo zangu. Sasa natunza mzee wa Kiyahudi huku ughaibuni, mji wa Carrollton. Tangu apate kiharusi sauti yake ni ndogo sana. Wiki kadhaa alikuwa akirudia maneno ya Kiebrania kila asubuhi, nami nikidhani anauombea mguu wake uliopooza.

Siku ya sikukuu ya Torati nikampeleka sinagogi. Watu walicheza wamekumbatia magombo yao kama watoto wachanga. Kisha wakasoma mwisho kabisa wa Torati, pale Musa anapokufa, wakaimba kwa nguvu. Kanisani kwetu, neno likiisha tunabeba mikoba. Nikamvika mzee koti, nikasukuma kiti chake cha magurudumu kuelekea mlangoni. Alipunga mkono mfululizo. Nikajua anawaaga wenzake, nami nikawapungia.

Tulipokuwa tumeshafika kwenye gari, bibi mmoja akaja mbio, viatu mkononi.

"Dada, unampeleka wapi? Ndiye tuliyemchagua kwa somo la mwanzo!"

"Mwanzo gani tena? Si mmemaliza?"

Mzee alicheka mpaka machozi. "Sisi tukimaliza Torati tunaianza upya leo leo. Nirudishe, binti yangu."

Nikamrudisha mbele ya sinagogi zima, lililokuwa likitungoja. Akanishika mkono, akasoma baraka ya kufungulia somo, ile ile aliyoifanyia mazoezi wiki zote zile, bila kukosea hata neno. Nami nilisimama pale natokwa jasho la aibu, nikimshukuru Mungu kwa mbio za yule bibi.