Kitambaa cha Mguu wa Bata

Skuli niliacha darasa la nne, kwa hivyo atakayekuta makosa humu asinicheke. Kuandika najikongoja, lakini kukumbuka sijambo. Nataka kuwataja waliomuua bata wangu. Majina yao sitoyaandika, maana watoto wao wanapita hapa mlangoni kila siku na hawajanikosea kitu. Nitawataja kwa vitendo vyao, na mwenyewe akisomewa atajijua.

Wakati ule vyama vingi vimeshakolea Pemba. Asiyekuwepo ni tabu kumueleza. Hapa Kengeja mtu alikuwa haendi kumzika jirani yake kwa sababu ya chama. Dukani kwa fulani hununui, kisimani kwa fulani huteki, na akichinja fulani nyama yake huili. Kususa, tukiita. Sisi tuliokuwa upande mmoja tulikuwa wengi, na wale wachache wa upande wa pili walikaa kama wageni kwenye nyumba walizozaliwa. Mie nilikuwa wa wale wengi. Kadi ninayo mpaka leo.

Nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa mama. Mama alikuwa na kuku mmoja mtetea, tukamuatamishia mayai ya bata tuliyopewa na jamaa. Vifaranga vilipotoka vikaingia wenyewe kwenye maji ya bonde la mpunga, kuku kabaki ukingoni analia, hajui kazaa nini. Mwewe na paka wakavimaliza kimoja kimoja. Kilichobaki, kuku akakikataa, kikanishika mie. Nikenda kisimani kipo nyuma, nikikaa kupaa samaki kimekalia wayo wangu. Mama akasema huyo keshakuwa mwanao, mpe na jina. Sikumpa. Nikimwita tu, "We mtu," na yeye anaitika.

Alikuwa bado ana manyoya ya manjano alipokanyagwa. Mbuzi wa wifi yangu, mke wa kaka, alikata kamba akapita uani mbio, na bata wangu alikuwa katikati. Nilipomuokota mguu mmoja ulikuwa unaning'inia kwa ngozi tu. Wifi akaja kutazama, akasema mchinjeni mapema kabla hajafa kibudu, japo aingie kwenye mchuzi wa watoto. Wala hakusema pole. Lakini huyo simuweki kwenye hesabu ya wauaji, mbuzi hakumtuma yeye.

Wa kuunga mfupa kama ule nilikuwa namjua mmoja tu, bwana mifugo wa Chake. Na yeye alikuwa wa upande wa pili, tena si wa kujificha pembeni, ndiye anayeshika kipaza sauti mikutanoni kwao. Sisi tulikuwa tumemsusa zamani. Ng'ombe wa watu walikufa kwa ndigana na dawa zimo kwenye friji yake, na mwenye ng'ombe anasema bora afe. Kwenda kwake kwa ajili ya ng'ombe ilikuwa aibu, sembuse kwa mtoto wa bata.

Nikaenda kutaka shauri kwa shoga yangu. Tumesoma chuo cha Kurani pamoja, tumeolewa mwaka mmoja, hata nguo nilizorudi nazo kwa mama siku ya talaka yangu alinifungia yeye. Alikuwa fundi wa kushona, cherehani yake haikulala. Nikamueleza. Akamtazama bata, akanitazama mie.

"Nenda, shoga," akasema. "Mnyama hana chama. Akiniuliza mtu nitamwambia umekwenda hospitali, tumbo linakusokota."

Basi asubuhi nikamtia bata kwenye pakacha, juu nikamfunika majani ya muhogo, nikapanda gari. Ofisi yake ilikuwa upande wa Gombani, chumba kimoja kina meza na harufu ya dawa. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia. Akasema, "Kengeja? Leo mmekumbuka kuwa nipo?"

Sitosema uongo, mkono wake ulikuwa mwepesi. Bata hakulia. Alimsafisha, akaunyoosha ule mguu, akaushikiza kwa vijiti vya chelewa za ukuti wa mnazi alivyovichonga palepale. Bendeji ikawa imekwisha. Pembeni pana boksi la fulana za kampeni, mpya, hazijavaliwa. Akatoa moja, akaikata ukanda mrefu kwa mkasi, na rangi za chama chao zikajitokeza waziwazi, hata kipofu angeziona.

Nikamwambia, "Daktari, hiyo mie sitoweza kurudi nayo kwetu."

Akacheka. "Unataka mguu au unataka chama?"

Nilitaka mguu. Akaufunga, kazi safi, akaniambia nisiufungue mpaka mwezi uandame, na asiingie majini. Ukifunguliwa kabla, mfupa hautashika tena. Hilo alilirudia, na mie nikalibeba kichwani mpaka nyumbani.

Nilipofika, shoga yangu alikuwa ananingoja. Alipoiona ile rangi akashika mdomo, halafu akacheka mpaka machozi. Akasema huyu bata wako mgombea. Akatafuta kipande cha buibui kuukuu, akakishona juu ya kile kitambaa kama soksi, mpaka rangi haionekani hata uzi. Uzi aliukata kwa meno. Tuliojua kilichomo ndani ya kile cheusi tulikuwa watu watatu katika Kengeja nzima: mie, mama yangu, na yeye.

Bata akaanza kupona. Kwanza alikuwa anajiburura, halafu anarukia mguu mmoja, halafu nikamuona siku moja kaukanyaga ule uliofungwa, kidogo tu, kama mtu anayejaribu maji ya moto. Nilifurahi kwa namna ambayo sikufurahi siku ya harusi yangu.

Ndipo salamu zikaanza kukatika. Nikisema asalamu alaykum, mtu anatazama kando. Salamu ya Mwenyezi Mungu hiyo, haijibiwi. Dukani nikaambiwa sukari hakuna, na gunia nimeliona limefunguka. Palikuwa na maulidi nyumba ya tatu kutoka kwetu, mama hakualikwa, mtu mzima kama yule, alisikia kasida akiwa kakaa kwenye kibao chake cha mbuzi anakuna nazi. Sikujua kosa letu. Halafu mama akapewa habari na bibi mmoja aliyemuonea huruma: bwana mifugo kasimama jukwaani kwao kasema hata Kengeja sasa wanakuja kwetu, juzi kaja bibi mmoja na karudi na rangi zetu. Watu wakapiga makofi. Bata hakumtaja.

Lakini jukwaani hakusema jina, wala hakusema nyumba. Mabibi wa Kengeja ni wengi. Nikajiuliza nani kawaelekeza kwangu mie, na roho yangu ikakataa kutoa jawabu.

Baada ya sala ya alasiri kaka yangu akaingia uani na watu wa tawi la chama chetu, na nyuma yao wanawake. Kaka yangu tumbo moja. Wakati ule alikuwa anautaka ukatibu, na ndugu wa katibu hawezi kuwa na doa. Hakunisalimu.

"Yuko wapi huyo bata?"

"Bata gani, kaka? Bata wako wengi."

"Usinifanyie mzaha. Yule aliyevaa sare."

Watu wakacheka. Bata mwenyewe, maskini, aliposikia sauti yangu akatoka chini ya kitanda cha kamba akaja kwangu, anachechemea na ile soksi yake. Kaka akamuokota. Akageuza mguu huku na huku, akasema mbona hiki cheusi tu.

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, ya taratibu. "Toa hicho cheusi. Chini yake ndo chenyewe."

Sikuwa na haja ya kugeuka, lakini niligeuka. Shoga yangu kasimama na mtandio umefika nusu ya uso.

Nikamwambia, "Si ulishona weye?"

"Nishone mie?" akasema. "Mie nilimkataza asende. Nilimwambia, shoga, watu watasema nini. Hakusikia. Na sindano hiyo mie siijui."

Nusu ya magauni yaliyosimama pale uani alikuwa kayashona yeye. Kila mtu aliujua mshono wake, na ule wa kwenye mguu wa bata ulikuwa huohuo. Wenye magauni wakaanza kurekebisha mitandio yao.

Mama akasema, "Mwanangu, huo ni mguu. Mwezi haujaandama. Ngoja uandame umfungue." Kaka akamwambia mama asiingilie. Akaichana soksi, akauvuta ule ukanda kama mtu anayefungua mzigo wa kuni, na vijiti vikaanguka. Bata alipiga ukelele mmoja. Ule mguu ukarudi kuning'inia. Kitambaa kikatupwa chini, wakakikanyaga kwa zamu, kaka wa kwanza. Halafu akasema kwa sauti, wote wasikie, "Basi, yamekwisha. Dada yangu ni wetu."

Kama kwamba kaniokoa. Na walipokuwa wanatoka wakanipa mkono, wengine wakaniambia asalamu alaykum, dada. Salamu zangu zikarudi saa ileile. Sukari nayo ikapatikana dukani kabla ya magharibi.

Asubuhi nikarudi Chake. Nilijua nikienda tena hapatokuwa na kaka wala mjomba wa kunisafisha, lakini bata alikuwa hataki kula, ananitazama tu. Nilipofika kwenye uwanja wa ile ofisi nikamkuta mtu anatoka mlangoni, kashika chupa imefungwa gazeti na bomba la sindano. Mume wa shoga yangu. Aliponiona akaiingiza chupa ndani ya kikoi, akanipita kama hanijui, na mtu huyo nimekula kwake Idi ngapi.

Nikaingia. Nikamuuliza bwana mifugo yule amefuata nini. Akasema, "Huyo? Huyo ni mtu wangu. Ng'ombe wake waliingiwa na ndigana wote, hakufa hata mmoja. Mwenyewe anakuja kwa siri, basi mie namtunzia siri yake."

Hapo nikaelewa. Kengeja nzima ng'ombe wanakufa na wa kwao wananawiri, watu wakaanza kuuliza. Shoga yangu na mumewe walihitaji mtu mwingine wa kutazamwa, na mie nikawapelekea mwenyewe, ndani ya pakacha.

Nikamfunua bata mezani. Bwana mifugo hakumgusa. Akasema, "Nimesikia kitambaa changu mmekikanyaga."

"Sikukikanyaga mie."

"Basi waliomfungua wamfunge."

"Weye ndo ulisema jukwaani," nikamwambia. "Siri ya yule unaitunza, yangu umeitia kwenye kipaza sauti."

"Sikukutaja jina."

Kitu kizuri sana alichonipa, neno hilo. Nimelitumia humu tangu mstari wa kwanza. Nikamuomba hata vijiti tu, nitafunga mwenyewe kwa khanga yangu. Akasema leo hana dawa, akaanza kuandika mambo yake, na boksi la fulana lilikuwa palepale limejaa.

Niliufunga mwenyewe, nje, kwa ukanda wa khanga na vijiti vya ufagio nilioukuta ukutani. Sikujua kuunga, na mfupa ulikuwa umeshatoka mahali pake. Bata alikufa kwenye gari kabla hatujafika Kengeja. Nilihisi pakacha limekuwa zito, ingawa kitu kilichokufa hakizidi uzito. Nikateremka njiani, nikamzika pembeni ya konde la muhogo la mtu nisiyemjua, kwa mikono. Nyumbani nilimwambia mama peke yake. Wengine hawakuuliza.

Basi hao ndio wauaji. Aliyefunga kwa rangi akajisifu, aliyeshona akakana, aliyefungua akapata ukatibu. Ndiyo, aliupata. Miaka ikapita, wakubwa wakapatana huko juu, wakapeana mikono, na sisi tukaambiwa tupatane. Watu wakazikana tena, wakala pilau sahani moja. Kaka yangu ananiletea samaki mpaka leo, na samaki nawala, maana ni ndugu yangu na mama kaniusia. Lile jambo hajalisema. Bwana mifugo alihamia Unguja.

Shoga yangu alikuja mwaka alioandikwa kwenda Hija. Ndiyo desturi, anayekwenda Makka huzunguka nyumba kwa nyumba kutaka radhi. Alikuja na nguo nyeupe mpya, kazishona mwenyewe, akakaa kwenye mkeka wangu, akanishika magoti.

"Nisamehe, shoga. Nililokukosea kwa kujua na kwa kutojua."

Nikamwambia, "Kwa kutojua nimekusamehe yote. La kujua litaje."

Akasema, "Yale yalikuwa ya siasa."

"Siasa haijui kushona," nikamwambia. "Litaje. Litaje kwa mdomo wako, hapa tupo sisi wawili tu, na mie nitakusamehe kabla hujameza mate, uende kwa Mola wako mwepesi."

Alikaa. Nilimuona mdomo unataka kufunguka, na wallahi nilikuwa namuombea. Kama angesema neno moja tu, bata, ningemkumbatia. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akasema gari linamngoja, bado ana nyumba nyingi za kupita. Akainuka.

Alikwenda akarudi salama, na sasa watu wanamwita Bi Hajjati. Tukikutana njiani hunitangulia kwa salamu, nami humjibu kwa ukamilifu wake, maana salamu haina kosa. Halafu hushikashika ncha ya mtandio wake, nami husimama kumpa nafasi ya kulitaja. Kisha kila mtu hushika njia yake.