Jiwe la Chumvi Getini

Goti la mfugaji Wilf Pelling limemharibia mambo mengi, lakini hili la jiwe la chumvi ndilo baya kuliko yote. Desturi ya wafugaji wa vilima vyetu vya udongo mweupe wa chaki inajulikana: chumvi ya ng'ombe, jiwe zima la kulambwa, huwekwa juu, kwenye vichaka, ili wakiifuata waikanyage miiba na kuyala majani magumu, na maua mafupi ya chini yapate jua. Getini, pa kuingilia kilimani, haiwekwi kamwe, maana hapo wanapita watu. Wilf alilijua hilo tangu akivaa kaptura. Mwezi wa Mei goti likamgomea, akalitua jiwe hapo hapo ndani ya geti, akajiambia atalipandisha kesho. Kesho yenyewe ikafika Julai.

Basi ng'ombe wote wakahamia getini. Asubuhi moja Hilary Tuppen akaingia na mbwa wake kama kawaida, akajikuta katikati yao wakisukumana kugombea chumvi. Bramble, ng'ombe mkubwa mwekundu, akageuka ghafla kumkwepa mbwa, akamwangusha mama wa watu, mkono ukavunjika.

Kijiji kikawaka moto. Sisi tunakipenda kilima kile kuliko tunavyopendana. Wengine walitaka ng'ombe waondolewe, wamesahau kwamba kabla ya ng'ombe hao kulikuwa na miiba mitupu, hata kipepeo humwoni. Wengine walitaka uzungushwe waya, watu wapite barabarani. Na Hilary huyo huyo ndiye aliyehangaika miaka mingi mpaka geti lile likafunguliwa kwa kila mtu.

Wilf akaitwa mbele ya kamati ya kilima. Mwenyekiti, Gerald Ansty, ni mtu asiyependa vikao virefu.

"Wilf, tusizunguke. Kundi zima ni korofi, au ni huyu mmoja?"

Wilf aliliangalia goti lake. Akitaja chumvi, malisho wangempa mfugaji mwingine, na hakuwa na kazi nyingine duniani.

"Ni huyu mmoja," akasema. "Siku hizi amekuwa mkali."

"Si ungesema mapema? Muondoe, yaishe. Haya, chai jamani."

Wilf akaiacha chai mezani, akatoka. Bramble ndiye aliyewafundisha wenzake njia zote za kilima. Siku ya kupelekwa machinjioni alipanda trela bila kusukumwa, kwa sababu aliyemwita alikuwa Wilf, na Wilf aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake. Alasiri ile ile akalipakia jiwe kwenye toroli, akalisukuma huku goti likimuuma mpaka machozi, akalifikisha kwenye miiba. Kumbe muda wote ule lilikuwa linawezekana.

Wiki iliyofuata Hilary akaja, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, tofaa mfukoni.

"Wilf, yuko wapi yule bibi mgomvi? Nimemletea tofaa, tupatane."

"Hayupo."

"Hayupo yuko juu, au hayupo kabisa?"

"Kamati iliamua."

"Kamati? Gerald hajui hata ng'ombe analala upande gani. Mimi niliwaandikia kabisa kwamba mnyama yule hana neno, alishtushwa na mbwa wangu. Nani kawaambia vingine?"

Wilf akainama kulisugua goti. Hilary akaangalia ndani ya geti. Nyasi zilikuwa zimekanyagwa zikaisha, udongo mweupe uko wazi, na katikati yake pamebaki alama ya jiwe, ya mraba, safi.

"Chumvi umeipandisha lini?"

"Juzi juzi."

"Kabla hajaondoka, au baada?"

"Hilary, hili goti langu..."

"Sijakuuliza goti."

Wilf akafungua geti, akalishikilia wazi kwa mikono miwili ili apite. Hilary akaliweka tofaa juu ya nguzo, akamvuta mbwa wake karibu, akageuka na kushika njia ya barabarani, kwenye magari.